Alifanya mtihani ameketi Makindye, programu ikasema yuko Nairobi

Heshima kwenu wakuu, wakubwa kwa wadogo.

Leo sikuleta porojo. Nimekuja na hasira, na nimekaa nayo muda mrefu kabla ya kushika hii keyboard, kwa hiyo mnivumilie pale nitakapopandisha sauti. Haya ninayoyaandika nimeyaona mwenyewe. Mwenye mkasa amenipa ruhusa, akasema, "Andika tu, fundi, batu bajue." Majina ndiyo nimebadilisha.

Kwanza mnijue. Mimi ni mzaliwa wa Kampala. Babu zetu walikuja huku na biashara kutoka pwani, wakaoa, wakazikana, hawakurudi tena. Nyumbani kwetu Kiswahili ndiyo lugha ya kugombana na ya kupatana. Natengeneza kompyuta, kibanda changu kipo Makindye, na humu jukwaani huwa nasoma kimya kimya naondoka. Hili limenishinda kunyamazia.

Mama Ansima ni jirani yangu, tunatazamana mlango kwa mlango.

Ni Mkongo wa Bukavu. Kwao alikuwa mkunga, mkunga wa hospitali kabisa, mpaka vita vikamtoa mbio na mtoto mgongoni. Vyeti vyake vikabaki kwenye nyumba iliyoungua. Basi mama huyu ambaye mikono yake imepokea watoto wa watu hata hajui wangapi, Kampala akawa muuza vitenge. Anavichukua kwenye maduka ya Kikuubo asubuhi, anavitembeza mitaani na jua lote hilo, jioni anarudi miguu imevimba.

Nimewahi kumwona akipita na furushi lake nje ya ile kliniki ya hapa kwetu, akasimama kusikiliza kichanga kinacholia ndani. Akasema, "Huyu wamemfunika vibaya, anasikia baridi." Halafu akaendelea na vitenge vyake.

Sasa kikatokea chuo kimoja, sikitaji, ofisi zake ziko Ntinda. Kinafundisha ukunga watu kama yeye, waliokwishasoma ila hawana karatasi. Masomo mtandaoni, mazoezi unafanyia kliniki, na mwisho wa yote unafanya mtihani kwenye kompyuta ukiwa nyumbani kwako.

Mazoezi alifanyia kliniki hiyo hiyo ya hapa kwetu. Sister mkuu wa pale alimpenda, akamdhamini, akamwambia wazi: ukileta cheti tu, koti jeupe lako lipo.

Kwa hiyo wakuu, muelewe mtihani ule ulikuwa nini kwake. Haukuwa mtihani wa kujipima akili. Ulikuwa ni kurudi kuwa yeye.

Mtihani unafanyika ndani ya programu yao maalumu. Unaishusha, unaiweka kwenye laptop, ukiifungua inafunga kila kitu kingine. Inawasha kamera ikutazame. Juu kulia kuna nukta ndogo. Ikiwa ya kijani maana yake uko hewani, ikiwa nyekundu mtandao umekata. Maelekezo yao yanasema hivi: ilimradi nukta ni ya kijani, endelea na kazi.

Kumbukeni hiyo nukta. Ndiyo mwizi wa uzi huu.

Laptop nilimwazima mimi. Wi-Fi nayo ni yangu, inafika mpaka kwake vizuri tu. Lakini sote tunaoishi huku tunajua mambo ya umeme wetu. Ukikatika, kisanduku cha Wi-Fi kinakufa hapo hapo. Ndiyo maana Kampala mtu mwenye kazi ya maana hana mtandao mmoja. Ana Wi-Fi, ana laini ya simu, na akiweza ana laini ya pili ya kampuni nyingine. Umeme ukienda unaruka kwenye hotspot, bando likisuasua unaruka laini nyingine, umeme ukirudi unarudi Wi-Fi. Siku moja unaweza kuhama mara kadhaa na wala hujioni kama umefanya jambo. Sisi ndivyo tunavyoishi.

Kwa hiyo nikaitega laptop yenyewe: Wi-Fi ikifa, iunganishwe na simu yangu bila mtu kugusa chochote. Simu nikaiweka mezani kwake imejaa chaji na bando.

Mjue kabisa siombi radhi kwa hilo. Kesho ningeitega tena vile vile.

Asubuhi ya mtihani mama alivaa kama anaenda kanisani. Gauni limepigwa pasi, kilemba kipya. Nikamtania, "Dada, kamera inaona uso tu." Akanijibu, "Mi najiona wote, fundi." Nikacheka, nikamfungulia programu, nikatoka nikakaa barazani kwangu. Humo ndani hakuruhusiwa mtu mwingine.

Katikati ya mtihani umeme ukakatika. Mtaa mzima.

Wallahi nilitabasamu. Nikasema moyoni, leo umetukuta tumejiandaa. Nikachungulia kwa mbali dirishani, nikamwona mama anaendelea kuandika, hajainua hata kichwa. Laptop imeshahamia kwenye simu. Nukta yake, alinieleza baadaye, ilikuwa kijani muda wote, haikupepesa hata kidogo.

Alijibu maswali yote. Alimaliza mapema, akarudia kusoma majibu yake kama wanavyofundishwa, kisha akabonyeza kutuma.

Nikamsikia anaita. Hakupiga kelele. Aliita "fundi" kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake.

Kwenye kioo kulikuwa na maandishi mekundu. Nayaleta kwa maneno yangu: mtihani wako umefungwa kwa udanganyifu. Mtahiniwa alizima kamera katikati ya mtihani. Mtahiniwa alihama eneo, alianzia Kampala, akaonekana Nairobi. Taarifa imetumwa kwa mdhamini wako.

Nairobi!

Jamani. Mama huyu ni mkimbizi. Hana pasi ya kusafiria. Ana kadi yake ya ukimbizi na masharti yake, na kutoka nje ya nchi bila ruhusa ni jambo linaloweza kumharibia kila kitu hapa alipo. Tangu afike Uganda hajawahi kuiona hata Jinja. Leo kompyuta inamwambia amevuka mpaka wa nchi akiwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, tena akarudi kumalizia swali la kondo la nyuma.

Alisoma mara ya kwanza, akasoma tena. Akaniuliza, "Nairobi ni wapi hapa?" Aliuliza kweli kabisa, kama vile labda kuna mtaa wa Makindye unaitwa hivyo na yeye haujui.

Nikaigeuza laptop nikasoma tena mwenyewe.

Halafu hiyo "taarifa imetumwa kwa mdhamini". Yaani kabla hata hajaondoa mkono kwenye laptop, Sister mkuu wa kliniki ameshapelekewa kwenye simu yake kuwa mtu uliyemdhamini ni mdanganyifu. Hakuna binadamu aliyesoma, hakuna aliyemuuliza mama neno lolote. Mashine imeshitaki, imehukumu na imetangaza mtaani.

Ngoja nieleze kilichotokea kwa lugha nyepesi, maana najua kuna mtu humu atasema labda kweli alifanya ujanja.

Programu ile ikifunguka inatoboa bomba kutoka kwenye laptop mpaka kwenye kompyuta za chuo. Majibu na picha za kamera vinapita humo. Bomba lile lilipita kwenye Wi-Fi. Wi-Fi ilipokufa, bomba likafa. Windows yenyewe ilijua, iliitangazia kila programu iliyomo ndani kwamba tumehama mtandao, tuko kwenye simu sasa. Programu zilizoandikwa na watu wenye akili husikia, zikafunga bomba la zamani na kufungua jipya.

Hii haikusikiliza. Iliendelea kusukuma majibu ya mama kwenye bomba lililokufa, na picha za kamera kwenye bomba hilo hilo. Kompyuta ya chuo ikaona picha zimekatika, ikasema amezima kamera.

Na nukta je? Ile nukta haikuwa inaangalia kama majibu yanafika. Ilikuwa inaiuliza laptop swali moja tu: kuna mtandao wowote hapo? Laptop inajibu upo, wa simu. Basi kijani. Yaani wamemwekea mama wa watu taa inayosema yote sawa, huku hakuna kinachofika.

Baadaye sana programu ikashtuka kwamba haijibiwi, ikatoboa bomba jipya. Sasa bomba jipya limepita kwenye laini ya simu yangu, na intaneti ya kampuni ya laini ile, ambayo nusu ya mji inaitumia, inatokea Nairobi, mitambo yao imewekwa huko. Ukiangalia anwani yake mtandaoni unaambiwa huyu yuko Nairobi. Mimi simu yangu imekaa "Nairobi" miaka na mikaka na sijawahi kula hata nyama choma ya kule.

Kompyuta ya chuo ikaona mtu yule yule, dakika hii Kampala, dakika ijayo Nairobi. Ikafunga.

Basi. Hiyo ndiyo safari nzima ya Mama Ansima.

Tukaenda Ntinda, mimi na yeye, na laptop kwenye mfuko.

Getini askari akatusimamisha kwa kile Kiswahili chao cha kambi za jeshi, "Nyinyi nakwenda kuona nani? Reta kitamburisho." Mama akatoa kadi yake ya ukimbizi. Askari akaigeuza, akaitazama, akamtazama mama. Nikaona mama haondoi macho kwenye ile kadi. Mtu aliyeambiwa amevuka mpaka, sasa hivi kila anayeshika kadi yake anamtisha.

Tukapokelewa na bwana mmoja anayesimamia mitihani. Nitamwita Bwana Mitihani. Kijana kiasi, mpole, nadhifu, ofisi ina kiyoyozi. Nje jenereta inanguruma kwa raha zake.

Nikamweleza yote niliyowaeleza nyinyi hapo juu. Nilitoa jasho. Nikachora na bomba kwenye karatasi.

Akasikiliza mpaka mwisho, akasema kwa Kiingereza chake kizuri kwamba programu imejaribiwa hapa ofisini mara nyingi na haijawahi kuleta shida.

Hapa ofisini! Penye jenereta! Penye waya wa intaneti uliofukiwa ardhini! Wakuu, hapo ndipo damu ilinipanda kichwani. Mmeijaribu mahali ambapo mtandao haubadiliki tangu asubuhi mpaka jioni, mkawapelekea watu ambao mtandao wao unabadilika kila wanapopika chai!

Nikamwambia washa hotspot ya simu yako wewe mwenyewe, weka programu yenu, fungua jaribio la mazoezi kwa Wi-Fi yenu, halafu zima Wi-Fi. Akasitasita. Mama akamwambia kwa upole, "Bwana, jaribu tu. Haitaumiza."

Akajaribu. Nukta kijani. Akazima Wi-Fi, laptop ikahamia kwenye simu yake. Nukta bado kijani. Tukakaa tukingoja. Kisha kwenye kompyuta yake ya mezani likatokea onyo jekundu: mtahiniwa wa mazoezi amehama eneo, yuko Nairobi.

Mtahiniwa wa mazoezi alikuwa ni yeye, amekaa mbele yetu, tai shingoni.

Mngedhani sasa yameisha, sivyo? Hata mimi nilidhani. Nilishaanza kukunja waya wa chaji.

Bwana Mitihani akakohoa. Akasema atawaarifu watu wa programu. Akasema lakini rekodi ya mama imeshaingia kwenye system, na yeye hana mamlaka ya kuifuta, system ndiyo imeamua.

Nikapaza sauti. Nakiri nilipaza sauti, na Luganda niliyomtupia pale siwezi kuiandika hapa, moderator hatanionea huruma. Askari akaja akanishika kiwiko, "Fundi, toka inje porepore." Nikatolewa. Mama akabaki nyuma kidogo, akamwambia yule bwana "asante kwa wakati wako", akanifuata. Mimi nilikasirika hata kwa ile asante.

Siku zikapita kimya. Sister wa kliniki alipompigia mama, alisema kwa sauti ya huzuni kwamba yeye anamwamini, lakini wakubwa wake wameiona ile taarifa, na nafasi haiwezi kukaa wazi milele.

Ndipo ukaja ujumbe kutoka chuoni. Chuo, kwa moyo wa huruma, kimeamua kuwasamehe baadhi ya watahiniwa na kuwapa nafasi ya kurudia mtihani, ukumbini Ntinda. Sharti moja: kabla ya kuanza, uweke tiki kwenye kisanduku kinachosema ninakiri kwamba nilikiuka kanuni kwa kuhama eneo wakati wa mtihani na ninaomba msamaha.

Wakuu, kila mtu alimwambia aweke tiki. Mchungaji wake alimwambia. Wenzake wa vitenge walimwambia. Mimi mwenyewe nilikwenda nikamwambia, dada, hako ni kakisanduku tu, kabonyeze, upate cheti chako, vaa koti, hasira tuachie sisi.

Alikuwa anakunja vitenge. Hakuacha kukunja.

Akasema, "Fundi, nikibonyeza pale, nimesema nilivuka mpaka. Kesho mutu wa ofisi ya wakimbizi akiuliza, wewe mama ulienda Nairobi na ruhusa ya nani, nitasema nini? Nitasema kompyuta ilikuwa na haraka?"

Akachukua kitenge kingine.

"Tena mi sikuibe kitu. Mutu anasamehewa kama alikosa. Banisamehe nini?"

Mnajua nilichojisikia? Mimi mtu wa kompyuta niliona tiki. Yeye aliona sahihi ya mkono wake chini ya uongo.

Wiki hiyo hiyo programu yao ikaleta update. Nikaiweka kwenye laptop, nikaijaribu kwa kuzima Wi-Fi. Nukta ikawa ya njano hapo hapo, yakatokea maandishi: mtandao umebadilika, tunaunganisha upya, majibu yako yamehifadhiwa. Baada ya muda mfupi ikarudi kijani, na safari hii ilikuwa kijani ya kweli. Hakuna Nairobi.

Wameirekebisha! Kwa hiyo walijua! Na kwenye maelezo ya update waliandika nini? "Maboresho madogo."

Madogo! Nilitaka kuirusha laptop ukutani, nikakumbuka ni yangu.

Umerekebisha kosa lako kimya kimya, halafu bado unamdai mama akiri kwamba kosa lilikuwa lake? Huo ni uungwana gani? Nikampigia Bwana Mitihani, simu haikupokelewa. Nikaenda mpaka getini, askari akanikumbuka, akatikisa kichwa kabla sijafungua mdomo.

Siku ya kurudia mtihani ikafika. Nikamuuliza mama, utakwenda? Akasema nitakwenda. Utaweka tiki? Akavaa lile gauni lake la pasi na kilemba kile kile.

Nilimsindikiza. Askari alinikubalia nikae kwenye benchi la nje ya ukumbi kwa sharti la kutofungua mdomo. Mlango ulikuwa umeachwa wazi kwa sababu ya joto, hivyo nilikuwa naona na kusikia kila kitu.

Ukumbi ulijaa. Watu wazima kwa vijana, wengi mavazi ya heshima, kila mtu na kompyuta ya chuo mbele yake. Nyuso zimeinama. Hakuna anayemtazama mwenzake. Nikajiuliza wote hawa ni akina nani.

Bwana Mitihani akasema anzeni. Keyboard zikaanza kulia ukumbi mzima, isipokuwa kwa Mama Ansima. Yeye alikaa wima, mikono mapajani, anatazama kioo. Kile kisanduku bado cheupe, na bila tiki kitufe cha kuanza hakiwaki.

Bwana Mitihani akapita, akarudi, akapita tena. Mwisho akainama kwake, akasema kwa Kiswahili cha hapa kwetu, "Nyabo, mama, kuna shida gani? Bonyeza tu hapo. Watu wote nabonyeza."

Mama akamjibu kwa sauti ya kawaida kabisa, ile anayotumia kumwambia mteja bei ya kitenge:

"Mi ningali Nairobi, bwana. Munigojee nifike kwanza."

Keyboard zikanyamaza.

Mama mmoja wa Kiganda, mtu mzima, kiti cha mbele yake, akageuka taratibu. Akauliza, "Na wewe walikuweka Nairobi?"

"Ndiyo."

"Siku ile ya umeme?"

"Ndiyo, mama. Siku ile ya umeme."

"Mimi pia," yule mama akasema. "Mimi nilidhani ni mimi peke yangu. Hata bwana yangu sijamwambia."

Kijana wa pembeni akasema yeye aliwekwa Nairobi akiwa nyumbani kwake Bwaise. Mwingine akasema alikuwa kwa dada yake hapa hapa Ntinda, ng'ambo ya barabara, nyumba inaonekana dirishani. Sauti zikaanza kutoka kila kona, mimi pia, mimi pia, na mimi.

Wakuu nilisimama kutoka kwenye benchi bila kujua. Ukumbi mzima! Kila mmoja alikaa na aibu yake nyumbani, anawaficha wazazi, anamficha mume, anadhani labda kweli simu yake ilifanya jambo baya. Kumbe siku ile umeme haukukatika Makindye tu, ulikatika kwao wote, na wote wakafanya kile ambacho kila mkazi wa mji huu hufanya, na chuo kikawafunga wote kama genge la wezi. Halafu kikawaita kuwasamehe.

Na wote walikuwa wameshaweka tiki.

Yule mama wa Kiganda akauliza kwa sauti, tiki inaondolewaje? Hakuna aliyemjibu. Basi akaondoa mikono kwenye keyboard akaiweka mapajani, kama Mama Ansima. Kijana wa Bwaise naye akafanya hivyo. Kisha wengine wakafuata.

Bwana Mitihani alisimama katikati ya ukumbi uliokaa kimya, mikono yote mapajani. Askari wa getini alikuja kuchungulia akarudi zake. Yule bwana akawatazama mmoja mmoja. Sidhani ni mtu mbaya, nasema ukweli. Ila aliiamini nukta.

Akatoka nje na simu yake, akapita mbele yangu bila kunitazama. Alizungumza na wakubwa wake kwa muda mrefu kule kwenye jenereta, anatembea huku na huko. Safari hii nilimsikia yeye ndiye anapaza sauti.

Aliporudi alisema mtihani wa leo umeahirishwa. Wote warudi na zile kompyuta walizotumia siku ile, majibu yao ya kwanza yatachukuliwa humo.

Na kweli yalikuwemo. Majibu ya Mama Ansima yalikuwa yamekaa ndani ya laptop yangu siku zote, yameshikwa kwenye foleni yakisubiri bomba ambalo chuo kilikuwa kimelifunga. Chuo kilipoufungua tena mtihani wake, kwa update ile mpya yalipanda yenyewe mara tu tulipowasha. Yakasahihishwa. Mama alifaulu, na kwa alama nzuri.

Lile neno udanganyifu likafutwa kwao wote. Taarifa ya mashtaka ilitumwa na mashine ndani ya sekunde moja. Taarifa ya kusafisha jina, system haina sehemu ya kuituma. Ilibidi Bwana Mitihani aandike kwa mkono wake, na mama aipeleke kliniki mwenyewe, kwa miguu.

Nafasi yake ya kwanza ilikuwa imeshapata mtu. Sister akapigana, akampatia nafasi nyingine kwa majaribio. Mkunga huyu, kwa majaribio! Kwa sababu wakubwa walisema "jina lilishasikika". Mpaka leo hakuna mtu wa chuo wala wa programu aliyesema neno samahani. Wameboresha kidogo tu.

Sasa somo, wakuu, kwa ninyi mnaoandika programu, najua mpo wengi humu.

Mtandao wa watu wetu unahama. Utahama kesho na keshokutwa. Mashine ikikwambia mtandao umebadilika, sikiliza, fungua njia mpya, mwambie mtu ukweli kuhusu kinachofika na kisichofika. Usimwashie kijani kama hujapata jibu kutoka upande wa pili. Na kabla hujamwita mtu mwizi kwa sababu ya anwani ya mtandao, mpigie simu umuulize. Jaribuni programu zenu Makindye, umeme ukikatika, msijaribu karibu na jenereta.

Na ninyi mliowahi kushitakiwa na programu mkakaa kimya kwa aibu, muulizeni jirani. Huenda naye yuko Nairobi.

Kama yamekukuta ya namna hii, kwenye benki, kwenye kazi, kwenye shule ya mtoto, shuka nayo hapo chini, nitasoma yote. Na anayetaka kusema mama angetafuta mahali penye umeme wa uhakika, aseme pia, ila aje na jina la mahali hapo.

Mama Ansima yuko kazini ninavyoandika hivi. Mkimwona hapa Makindye na koti lake jeupe, msalimieni. Ila msimuulize Nairobi kukoje. Kuna watu kliniki bado wanamuuliza, na hawatanii.